Unapoanza Kemia Ughaibuni, Ingia na Ripoti Yako Kwenye Darasa la Kiingereza

Mdogo wangu unayekwenda kusoma kemia ughaibuni, vyuo vingi hutoa msaada wa Kiingereza: kozi kabla ya muhula, madarasa ya uandishi wa kitaaluma, na miadi ya ana kwa ana na mwalimu wa lugha. Anza kuutumia wiki ya kwanza. Wengi hungoja mpaka alama zishuke, na wakati huo ratiba ya maabara imeshabana na miadi imejaa.

Usiende mikono mitupu. Mwalimu wa lugha kwa kawaida si mkemia, na hatakusahihishia ripoti nzima. Mpelekee ripoti iliyorudishwa na maoni ya mhadhiri, umwombe akuonyeshe kosa linalojirudia. Mara nyingi utalikuta kwenye mjadala wa matokeo. Sehemu ya mbinu huzoeleka upesi, maana hufuata mtindo mmoja: wakati uliopita, kauli ya kutendwa. Mjadala ndio mgumu, kwa sababu unadai upime uzito wa kila unalodai. Tuseme umetengeneza aspirini ukapata asilimia 62 ya kiasi kilichotarajiwa. Kuandika kwamba iliyobaki ilipotea hakutoshi. Eleza ilikokwenda: wakati wa kusafisha fuwele, sehemu ya dutu hubaki imeyeyuka ndani ya kiyeyushi hata kikipozwa. Kisha jiulize, data zako zinathibitisha hilo au zinaashiria tu? Kama hukupima kilichobaki kwenye kiyeyushi, zinaashiria. Hapo kemia na Kiingereza vimekuwa kazi moja, na ndipo saa moja na mwalimu wa lugha inapokufaa kuliko popote.

Tafadhali usinakili mbinu kutoka mwongozo wa maabara kwa kuogopa sarufi. Sentensi yenye kasoro itakupunguzia alama; wizi wa maandishi unaweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu.

Ndani ya maabara, mtihani ni wa masikio. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana mno kwa sauti. Nitrati na nitriti nazo hukaribiana. Nitrati (NO₃⁻) na nitriti (NO₂⁻) hupishana atomi moja tu ya oksijeni, lakini sodiamu nitriti ina sumu kali zaidi kuliko sodiamu nitrati. Kwa hiyo usiitikie kwa kichwa jambo ambalo hukulisikia vizuri. Rudia kwa sauti ulichoelewa, au omba uandikiwe fomula na kiasi. Msimamizi anawajibika kwa usalama wenu. Swali lako linamsaidia.

Usiku wa kuamkia jaribio, soma karatasi ya usalama ya kila kemikali utakayoishika. Zinazofuata GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, zina sehemu 16 kwa mpangilio uleule: ya 2 ni hatari, ya 4 huduma ya kwanza, ya 8 vifaa vya kinga. Maneno hujirudia, hivyo ukizielewa chache kwa undani, zilizobaki utazisoma haraka. Sijaona zoezi la Kiingereza linalomfaa mkemia mchanga kuliko hilo.

Na mkipangwa wawili wawili, usikubali kuwa mtu wa kupima na kuosha vyombo kila wiki huku mwenzako akiandika na kumjibu msimamizi. Badilishaneni. Mwambie kabla hamjaanza kwamba leo daftari unashika wewe, na maswali utajibu wewe.