Geuza Pazia Kabla ya Kulifua

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwamba amerithi pazia la kitanda la kale, la buluu na nyeupe, lenye maua makubwa kama sinia, na kwamba anataka kulifua kabla ya kulitundika. Nilimjibu usiku uleule nikimsihi asiliguse kwa maji, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi.

Nilikulia Unguja, nikilala kwenye samadari ya bibi, kisha maisha yakanileta bonde la mto Hudson, Marekani, ambako mapazia mengi ya namna hii, ya karne ya 18, yamepatikana. Watu wa enzi hizo walizungushia vitanda mapazia ili kuzuia baridi, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama nguo zenyewe zilitoka India au Uingereza.

La kwanza nililinunua kwa akiba ya miezi minne. Lilikuwa na ndege mwenye mabawa ya buluu mbili, iliyokoza na iliyofifia, na kila nilipolitazama niliiona kazi ya fundi: alipaka uji mzito kwenye kibao cha mti kilichochongwa nakshi, akakigonga juu ya pamba nyeupe, kisha akaizamisha nguo ndani ya nili, rangi ya buluu itokanayo na mmea, na palipokingwa na uji pakabaki peupe. Nguo ikitoka katika nili huwa ya kijani cha manjano, nayo hugeuka buluu mbele ya macho inapopata hewa. Ili kupata buluu ya pili, fundi alikinga kwa uji sehemu alizotaka zibaki hafifu, akaizamisha tena.

Nililipeleka kwa dobi aliyejisifu kuwa anazijua nguo za kale. Alilitia dawa yenye klorini, ambayo huiharibu nili kabisa. Lilirudi limekunjwa kwa unadhifu, na nilipolikunjua ndege alikuwa na bawa moja. Dobi aliniambia kwamba sasa limetakata. Miaka sita imepita, na neno hilo bado linanichoma.

Ndugu yangu unayetamani kumiliki kitu kama hiki, jifunze kwanza kuligeuza pazia. Nguo iliyozamishwa katika nili huonyesha rangi mbele na nyuma, ilhali iliyochapwa juujuu huwa imepauka upande wa nyuma. Kisha tazama ukingo wake. Mwezi huu muuzaji mmoja alinionyesha pazia akisema ni la India, la mwaka 1740. Niliinua pindo taratibu kwa ncha ya sindano, nikakuta nyuzi tatu za buluu zilizofumwa kwenye ukingo, alama ambayo sheria ya Uingereza iliidai kuanzia 1774 hadi 1811 kwa nguo za pamba tupu zilizofumwa huko. Muuzaji alinyamaza, akashusha bei, nami nilirudi nyumbani na pazia langu nikiwa na furaha ambayo sioni haya kuitaja.

Hili sitalifua. Nimeliviringisha kwenye bomba la karatasi lililofunikwa kwa pamba safi, mbali na jua, na vumbi nitalivuta kwa mashine yenye nguvu ndogo kupitia wavu. Tuache haraka ya kutakasa tulivyorithi, kwa kuwa doa la miaka 200 linaweza kusubiri hadi apatikane mtaalamu wa kweli, na bawa likishatoka halirudi.

Yule dada ameniahidi picha ya ukingo wa pazia lake.