Ukianza Kulea Wasanifu Chipukizi, Ficha Kalamu Yako

Kosa langu kubwa la mwaka wa kwanza wa kufundisha usanifu wa majengo lilikuwa la mkono. Mwanafunzi alinitandikia ramani ya nyumba za kupanga za ghorofa nne, ngazi ameibana kwenye kona yenye giza. Sikumuuliza chochote. Nililaza karatasi angavu juu ya kazi yake, nikachora ngazi mpya, pana, yenye dirisha. Akashukuru sana. Wiki tatu baadaye, mbele ya jopo la watahini, akaulizwa kwa nini ngazi imekaa pale. Akanitazama mimi.

Ngazi ilikuwa nzuri, ila haikuwa yake, na wala haikuwa ya watakaoipanda. Tangu siku hiyo naingia studio kalamu ikiwa mfukoni, na nawe nakushauri ufanye hivyo, hasa kama unajijua kuwa mchoraji hodari. Wachoraji hodari ndio tunaoharibu zaidi.

Mwanafunzi mwingine alipokwama palepale kwenye ngazi, nilimpa futi kamba na daftari, nikamtuma akakae kwenye ngazi za jengo linalokaliwa, asubuhi na tena jioni. Alirudi bila mchoro hata mmoja. Alikuwa ameandika kwamba mama mwenye mtoto na mizigo husimama kila baada ya ghorofa moja, anaegemea ukuta, na anayeshuka inabidi amsubiri. Kwamba watoto husomea kwenye vidato vya juu kwa sababu ndiko kwenye mwanga. Kwamba mzee mmoja hashuki jua likishazama. Ndipo akachora: kituo cha ngazi, pale pa kupumzikia, kimeongezwa sentimita 60, kuna benchi la zege chini ya dirisha, basi. Jopo lilipombana, alijibu kwa kutaja watu, na hakuna aliyeweza kumyumbisha.

Utakutana pia na wanaodhani haki na uendelevu ni viungo vya kunyunyiza mwishoni: paneli za sola juu ya paa, miti ya kijani kwenye picha, kazi imekwisha. Hawa waanze na swali moja: je, kuna ulazima wa kujenga? Saruji peke yake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Waonyeshe walichofanya wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wakishirikiana na wenzao, huko Bordeaux, Ufaransa: nyumba 530 kwenye majengo matatu ya zamani hazikubomolewa, ziliongezewa vyumba vya vioo na roshani kwa nje, na wapangaji hawakuhamishwa kupisha kazi.

Halafu wape mfano unaouma. Miaka ya 1940 msanifu Hassan Fathy alijenga kijiji cha Gourna Mpya, Misri, kwa matofali ya udongo, kuba na nyua za ndani zenye kivuli. Ukiipima kwa hali ya hewa na vifaa, kazi hiyo inastahili kila sifa. Lakini wakazi walikuwa wanaondolewa kwenye eneo la makaburi ya kale, ambako riziki ya wengi ilitoka, na wengi wao walikataa kuhama. Kijiji hakikukamilika. Nikiwapa wanafunzi kisa hiki nakaa kimya, nawaacha wagombane: jengo linaweza kuipenda ardhi na bado likamwonea mtu? Usiwahi kuwakatiza. Siku nyingine waletee Quinta Monroy, makazi ya kule Iquique, Chile, ambako kundi la msanifu Alejandro Aravena lilikuwa na ruzuku ya takriban dola 7,500 kwa kila familia, ardhi ikiwa humohumo. Walijenga nusu ya nyumba, ile ngumu kwa familia kuijenga yenyewe, na wakaacha nafasi ya nusu ya pili. Familia zilibaki karibu na kazi zao. Wapo watakaosema huo ni ukombozi, wapo watakaosema serikali imekwepa nusu ya wajibu wake. Mimi mwenyewe hubadilika kila nikilifikiria.

Neno la kuliangalia kwa jicho kali ni “ushirikishwaji”. Kila ripoti linalo. Mwaka 1969 mwandishi Mmarekani Sherry Arnstein aliupanga ushiriki wa wananchi kama ngazi ya vidato 8, cha chini kabisa kikiwa kuwachezea watu akili na cha juu wananchi kushika uamuzi. Mwambie mwanafunzi akuonyeshe kidato alichosimama. Wengi, wakiwa wakweli, wanajikuta kwenye cha tatu au cha nne: wametoa taarifa, wamekusanya maoni, kisha wakaamua wenyewe. Si dhambi kwa mradi wa muhula mmoja, ilimradi asiandike kwamba wakazi ndio waliosanifu.

Kuhusu alama, fupi tu: tenga sehemu kwa ajili ya utafiti na kubadili mawazo. Ukipima mchoro wa mwisho pekee, watakuchorea mchoro wa mwisho pekee.

Na usiruhusu darasa liwahoji watu, lipate alama, lipotee. Wakazi wakiona vijana wenye futi kamba hudhani ujenzi unakuja, au bomoabomoa. Waambie wanafunzi waseme tangu siku ya kwanza kwamba ni masomo, na warudi na kazi waliyoifanya hata kama ina aibu. Mara ya kwanza tuliporudi, tulibandika ramani ukutani, watu wakazunguka. Bibi mmoja aliitazama kwa muda mrefu, akaomba kalamu, akakata mlango wa choo cha pamoja kwa mistari miwili, kwa sababu ulitazamana na mahali wanaume wanapokaa kupiga soga. Mwanafunzi akanigeukia. Nikamwambia amuulize bibi mlango uwekwe wapi.