Turbo za 300ZX: ng'oa injini kwanza

Kaka, uliyeuliza kama turbo mbili (feni zinazosukuma hewa ndani ya injini) za gari la Nissan 300ZX zaweza kubadilishwa uani kwako Kisauni bila kutoa injini: zaweza, lakini utajuta. Mkono hauna pa kupita, na kwa hewa yetu hii ya chumvi nati za ekzosi zishashikwa na kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza tangu jana yake. Mimi nilikatia stadi mbili (boliti zisizo na kichwa) mle ndani, nikakesha nikizichimba kwa drili! Kodi winchi ya mnyororo tu, uinyanyue injini nje. Paipu za oili usirudishe zile kuukuu. Zikiwa na masizi, oili haipiti vizuri, turbo mpya itakufa kiu. Kabla hujawasha, tia oili kwenye tundu la turbo la kuingizia oili, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli ili injini isiwake, piga stata mpaka presha ya oili ipande.