Kuchimbua mshono kwa kaboni ukiwa na inveta ndogo

Fundi mmoja kaniandikia: ana inveta, ile mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki, iliyoandikwa ampea 200 ubavuni, anataka kung'oa meno ya ndoo ya ekskaveta kwa rodi za kaboni badala ya kumaliza diski za grenda. Itaweza? Itaweza, kwa rodi nyembamba na kwa vipande vifupi. Wengi hukwama wakidhani wamepungukiwa ampea, kumbe wamepungukiwa volti na upepo wa kompresa.

Rodi ya kawaida ya kuchomelea, ya milimita 3.2, inachomelea vizuri kwa volti 22 hadi 25. Kaboni inataka 35 hadi 40, wakati mwingine zaidi. Ndiyo maana mashine inayochomelea geti bila tabu inakatakata arki (ule moto wa umeme kati ya rodi na chuma) ukiifungia kaboni. Kabla ya kununua chochote, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Volti bila mzigo, zilizoandikwa U0, ziwe 60 au zaidi. Kisha tafuta asilimia iliyo juu ya ampea: 200 kwa asilimia 20 maana yake katika kila dakika kumi unachimba mbili, nane mashine inapumzika. Hiyo namba kubwa ya ubavuni ni ya kuuzia.

Sasa umeme. Rodi ya kaboni ya milimita 4 kwa ampea 120 na volti 40 ni wati 4,800 pale kwenye ncha. Ukiongeza kinachopotea ndani ya mashine, ukutani inavuta ampea 25 na zaidi kwa volti 230. Plagi ya ampea 13 haiwezi. Breka ikidondoka una bahati. Isipodondoka, ekstensheni ndiyo inayoyeyuka. Funga soketi ya 32, waya mfupi usiopungua milimita 4 za mraba.

Rodi ya kaboni ya 3.2 ipe ampea 60 hadi 90, ya 4 ipe 90 hadi 150. Ya 6.4 iache dukani hata ukipunguziwa bei, maana inaanza kufanya kazi ya maana karibu na 300. Hoda, yaani mshikio wa rodi, iwe kwenye chanya, klampu kwenye hasi. Ukigeuza, arki haitulii na mfereji unabaki na masizi. Mashine za zamani za koili zinazotoa umeme wa AC hazielewani na rodi hizi za DC zilizopakwa shaba.

Upepo ndio unaochimba. Arki inayeyusha tu. Hoda ya kazi hii ina matundu ya kutolea upepo, na nyingi zinataka psi 80, yaani kama bar 5.5. Piga hesabu ya kompresa yako: tanki la lita 50 likishuka kutoka bar 8 hadi 5.5 limetoa kama lita 125 tu za upepo. Hoda inayokula lita 250 kwa dakika inazimaliza ndani ya nusu dakika, na mota ndogo haiwahi kuzirudisha. Kwa hiyo chimba sentimita chache, subiri ijae, endelea. Kumsimamisha msaidizi na bunduki ya upepo pembeni badala ya hoda hiyo ni kumchomea mtoto wa watu mikono.

Rodi itokeze sentimita 10 hivi, matundu yawe chini yake, ncha itazame unakokwenda, mlalo wa nyuzi 45 au pungufu kidogo. Fungua upepo kwanza, ndipo uguse. Arki ikishika, rodi usiinyanyue; sukuma mbele kwa mwendo mmoja. Mlio wa "shiii" usiokatika ni mzuri. Ikitoa "pa-pa-pa", ama volti zimezama ama unakwenda polepole mno. Mfereji utapita unene wa rodi kwa kama milimita 3. Kina kichukue kidogo kidogo, milimita 3 kila pasi.

Rodi ikiwa nyekundu yote, ampea zimezidi au umeitokeza sana. Slagi, ile takataka ya chuma kilichoyeyuka, ikiganda kingoni, upepo ni mdogo. Rodi ikigusa chuma ikaacha kidonge cheusi cha kaboni, simama ukiondoe hapo hapo. Ukichomelea juu ya kaboni unapata sehemu ngumu kama kioo, na ufa utaanzia hapo. Mwishoni pitisha grenda, toa nusu milimita hadi moja, chuma king'ae na madoa ya shaba yaishe.

Ziba masikio, vaa kioo namba 11 au 12, ondoa vinavyowaka hata umbali wa mita kumi. Mashine iweke nyuma yako, upande unakovuma upepo wa nje kutoka, kwa sababu feni yake ikivuta vumbi la kaboni na chuma, bodi itashoti.

Na kama kompresa huna kabisa, kanunue rodi za kuchimbia zenye ganda. Zinatumia hoda ya kawaida, na nyingi zinakubali hata AC ya mashine ya koili, soma boksi. Iwashe ikiwa imesimama, kisha ilaze karibu igusane na pleti, nyuzi 10 hadi 15, usukume. Moshi wake ni mwingi, na mfereji unatoka na makwaruzo, lakini jino la ndoo litang'oka.