Wafadhili Mkitaka Kushirikiana, Anzeni na Karatasi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mhasibu wa shirika dogo linalochimba visima mashuleni. Kwa hiyo ushauri huu unatoka kwa mtu anayeandika ripoti, si anayesaini hundi.

Wafadhili wakikutana, kwanza huulizana nani anatoa kiasi gani. Ningekuwa mimi, ningeuliza ripoti itakuwa moja au ngapi. Tuliwahi kuwa na kisima kilichofadhiliwa na watatu, wote wakijiita washirika. Kila mmoja na fomu yake, mwaka wake wa fedha na mkaguzi wake. Wawili walidai risiti halisi za dizeli ya mtambo wa kuchimbia, na risiti ni ile ile moja! Mwalimu mkuu naye alipokea wageni kwa zamu, kila ugeni ukimtaka aeleze upya habari za pampu moja, huku darasa lake likimsubiri. Ushirikiano ambao haumpunguzii kazi anayesaidiwa ni picha za pamoja tu.

Inawezekana kufanya vizuri zaidi. Hapa Tanzania, tangu 1999, wafadhili kadhaa wa sekta ya afya, wakiwemo Denmark, Uswisi na Ireland, waliweka fedha kwenye Mfuko wa Pamoja wa Afya na kufuata mpango na ripoti za serikali. Wengine walibaki na miradi yao, na sioni ubaya. Si lazima kila mtu atie fedha chungu kimoja.

Tazameni vita dhidi ya polio. Mwaka 1988 ugonjwa huo ulikuwa ukipooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka. Rotary, klabu za watu wa kujitolea waliokuwa wameshaanza kuchangisha tangu 1985, waliungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa. Kila mmoja alibeba anachokiweza: Rotary kuchangisha na kubisha hodi kwa viongozi, Shirika la Afya Duniani kuratibu na kufuatilia wagonjwa, UNICEF kununua chanjo na kuzungumza na wazazi, CDC utaalamu na maabara. Baadaye ukaja Wakfu wa Gates, ukaahidi dola mbili kwa kila moja ya Rotary, hadi dola milioni 50 za Rotary kwa mwaka. Mwaka 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio.

Kwa hiyo ninyi wa chama cha waliosoma pamoja, msikiti, kanisa au ndugu mlioko ughaibuni: mwenye fundi alete fundi, mwenye fedha alete fedha, na mmoja tu awe msemaji kwa shule. Mambo ya majina kwenye kibao yamalizeni mapema, tena kwa maandishi. Nimeona kibao kikichelewesha uzinduzi ilhali maji yanatoka.

Halafu kuna kipengele ambacho karibu kila hati ya makubaliano niliyoisoma imekiruka: mshirika akijitoa katikati, anatoa taarifa miezi mingapi kabla, na sehemu yake inabebwa na nani? Miezi sita ni ya chini kabisa kwa mradi wa ujenzi. Andikeni pia nani atanunua vipuri vya pampu mwaka wa tatu, wakati wageni wote wameshaondoka.