Maumivu ya mumeo si ya kujisingizia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza iweje mumeo, tangu arudi vitani, kifua kinambana, tumbo linamsokota, mgongo haumwachi, na kila akipimwa anaambiwa hana kitu. Ukauliza pia, na najua haikuwa rahisi kuliandika hilo, kama anajisingizia.

Hajisingizii, mwanangu.

Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini, kemikali inayouandaa kwa hatari: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linaacha kusaga chakula ili nguvu zote ziende kwenye kupigana au kukimbia. Huko vitani hali hiyo ndiyo iliyomwokoa. Kwa mwenye kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya mambo ya kutisha, hatari imekwisha lakini mwili haujatulia. Umebaki macho kama mlinzi ambaye hakuna aliyekuja kumpokea zamu. Mtazame akiwa usingizini: taya zimeumana, meno yanasagana, ngumi zimefumbwa. Anayelala hivyo mwaka baada ya mwaka ataachaje kuamka na shingo iliyokakamaa na kichwa kinachogonga? Mlango ukibamizwa, jasho limeshamtoka kabla hajatambua kuwa ni mlango.

Wala si mambo ya leo. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliosumbuliwa na moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua na pumzi kukatika, huku yeye akiwapima asione kasoro ya moyo. Ilipofika 1980 ndipo madaktari wa akili wa nchi hiyo walipouingiza rasmi ugonjwa huu wa kiwewe katika mwongozo wao. Kabla ya hapo askari wangapi waliitwa waoga! Inaniuma sana.

Ila usikubali mtu akwambie "ni mawazo tu" kisha mkaacha kwenda hospitali. Watafiti waliwafuatilia mapacha waliotumikia jeshi la Marekani enzi za vita vya Vietnam, wakakuta wenye kiwewe walipata ugonjwa wa moyo zaidi ya mara mbili ya wenzao. Tena mlipuko wa bomu unaweza kuacha jeraha kwenye ubongo lisiloonekana kwa nje, na maumivu ya kichwa yakawa yanatoka huko.

Kwa hiyo mkienda tena, mwambieni daktari waziwazi kuwa alikuwa vitani, na kwamba halali vizuri. Anayetibu tumbo mara nyingi haulizi habari za vita. Ombeni pia mtaalamu wa kiwewe. Ipo tiba ya mazungumzo inayomrudisha mtu polepole kwenye yale anayoyakwepa, na zipo dawa, kama sertralini, zinazowafaa baadhi ya wagonjwa. Wewe usimlazimishe akusimulie yaliyompata.

Na kifua kikimbana, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, jasho likamtoka, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo. Siku hiyo msiseme ni kiwewe.

Mama yako