Filamu za Kikorea ukiwa Seoul: anza na za zamani

Umeuliza uanzie wapi na filamu za Kikorea, kwa kuwa umehamia Seoul kusoma na lugha bado hujaimudu. Ndugu yangu, Parasite, ile filamu maarufu ya Bong Joon-ho, iache kwanza. Fungua chaneli ya YouTube iitwayo Korean Classic Film, ya Hifadhi ya Filamu ya Korea: kuna filamu nzima za zamani, bure, zenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Tafuta The Housemaid ya Kim Ki-young, ya mwaka 1960. Mwalimu wa muziki anaajiri msichana wa kazi, na ile nyumba mpya ya ghorofa ambayo yeye na mkewe waliitolea jasho inawageukia. Zitazame zile ngazi! Bong Joon-ho mwenyewe amesema filamu hii ilimwathiri alipotengeneza Parasite, na ngazi zitakuonyesha kwa nini.

Ukumbi wa sinema wa Hifadhi hiyo uko Sangam, wilaya ya Mapo, hapo hapo Seoul. Kiingilio bure, ila uliza kwanza kama onyesho lina maandishi ya Kiingereza, maana si yote yanayo. Jiji la Busan nako wana tamasha kubwa la filamu tangu 1996. Kata tiketi mapema, huisha haraka sana.